Udongo wa Nalasi

Tangu siku alipokabidhiwa barua ya kupunguzwa kazini, Kunegunda hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa mchanjaji wa mifugo, akizunguka vijiji vya Songea kwa baiskeli ya idara na kisanduku cha barafu nyuma, na siku baiskeli iliporudishwa stoo, miguu yake haikupewa taarifa. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, akaufagia tena uleule, akaenda kisimani wakati mtungi wa nyumbani umejaa. Adela, jirani yake pale Mshangano, alichoka hata kumtazama.

"Dada, kuku mwenye kiherehere naye ikifika saa ya kutaga hukaa," alimwambia.

Kilichomsaidia, au kilichomharibu kabisa kama walivyosema wengine, ni mbwa.

Ilikuwa hivi. Miaka ile mashirika yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na redioni tukaambiwa tufunge mikanda, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amebaki na tundu la kufungia. Nyumba za wafanyakazi wa tumbaku zilihamwa kwa wiki mbili tu. Watu walipakia vitanda, sufuria, mbuzi na picha za harusi kwenye malori, wakawaacha mbwa. Mbwa wakabaki wanalinda milango isiyo na mtu. Kazi ya mwisho ya Kunegunda kabla ya kusaini barua yake ilikuwa kwenda pale na ndoo ya nyama iliyotiwa sumu.

Alikwenda. Akaketi kwenye ngazi ya nyumba tupu, na mbwa kumi na watatu wakaja wakaketi mbele yake kwa adabu, maana kwa akili ya mbwa anayekuja na ndoo amekuja na chakula. Kunegunda aliwatazama, akalia, akawatukana, halafu akaazima jembe akachimba shimo refu na kuifukia nyama yote pamoja na ndoo yake. Kisha akawaongoza hadi Mshangano kwa mihogo ya kuchemsha aliyokuwa amefunga kwa chakula chake cha mchana. Walipanga mstari nyuma yake barabara nzima, na watu wakatoka madukani kutazama. Siku hiyohiyo akapata jina la Mama Mbwa, na jina likamganda.

Marehemu mumewe alimwachia bani la kukaushia tumbaku nyuma ya nyumba, jumba refu la matofali mabichi lisilo na dirisha. Kunegunda alitoboa madirisha manne, akatandaza majani makavu, na humo ndimo walimolala. Baada ya mbwa wa shirika walikuja wengine: waliogongwa na malori, waliofukuzwa kwa kula mayai, paka waliotupwa ndani ya gunia wakajikwangulia njia ya kutoka. Kwa miaka miwili aliwahifadhi, akawatibu, akawatafutia kwao. Zaidi ya arobaini walikuwa wameshapata nyumba.

Lakini kupata mbwa kwa Kunegunda halikuwa jambo la kuokota embe. Bibi yake alimfundisha kwamba mbwa hatolewi bure, ukimpata bure hakai. Basi aliyetaka mbwa alipaswa kuja mwenyewe, mkononi ana kitu kimoja kutoka nyumbani kwake, na kwa kitu hicho Kunegunda alidai kwamba anaisoma nyumba nzima. Mwanamke mmoja alileta mwiko ulioungua ncha. Akapewa mbwa mzuri kuliko wote, kwa sababu mwiko ulioungua ni wa nyumba inayopika ugali kila siku. Mwalimu mmoja alikuja na chupa tupu ya soda. Huyo alirudishwa na chupa yake.

"Sijawahi kukosea," Kunegunda alipenda kusema.

"Hujawahi kukosea kwa sababu wengi unawafukuza," alijibu Adela. "Huyu nyumba yake ina moshi, yule mkewe ana sauti kali. Mimi nakwambia wewe hutaki waondoke. Wakiondoka utabaki na nani wa kumkimbilia huku na huku?"

Kunegunda alikasirika siku mbili, na sababu ya kukasirika ni kwamba jirani alikuwa amegusa palepale.

Basi, Jumatano moja ya Kwaresima, mwaka wa tisini na sita, likapita gari na kipaza sauti juu yake. Mtoto alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa ng'ambo ya mto, na mtoto hakupona. Kuanzia Jumatatu, gari likasema, mbwa yeyote asiye na mwenyewe atapigwa risasi. Kila nyumba iandikishe mbwa wasiozidi wawili. Na kwa kuwa watu wamezoea kudanganyana, mwenye mbwa atamshika mbwa wake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mwandishi. Asiyeweza kumshika, huyo mbwa si wake.

Kunegunda alisikiliza akiwa ameshika ufagio. Hakuweza kusema tangazo lile ni baya. Katika kazi yake alikuwa amemwona mtu mzima akifa kwa kichaa cha mbwa, akikiogopa kikombe cha maji kama anayeonyeshwa panga. Mbwa wake wote alikuwa amewachanja, lakini kitabu cha mwandishi hakikuuliza chanjo, kiliuliza mwenyewe ni nani. Na yeye bandani alikuwa na mbwa tisa.

Wawili alijiandikishia palepale, kwa mwandishi aliyefuata gari lile, bila kufikiri: Babu, kipofu, na Jeki, wa miguu mitatu. Hao nani angewachukua? Wakabaki saba, na siku nne.

Hapo miguu yake ikapata kazi. Alhamisi alikwenda kwa masista, wakachukua wawili. Alipita kwenye mashine ya kusaga, akamwacha mmoja. Ijumaa alishinda njaa ya mfungo na jua la utosini, akipiga hodi mlango hadi mlango, anakaribishwa kiti hakai, anapewa maji anakunywa amesimama. Zile sheria zake zilianza kulegea. Yule mwalimu wa chupa ya soda, Kunegunda mwenyewe alimfuata hadi kwake, akamwomba radhi, akamkabidhi mbwa, na chupa akaipokea kwa mikono miwili. Hadi Jumamosi asubuhi sita walikuwa wameshapata nyumba.

Alibaki Mafao.

Mafao alikuwa jike la rangi ya njano, sikio moja limechanika, mwenye macho ya mtu anayesubiri zamu yake. Jina alipewa na mlinzi wa shirika aliyekuwa akisubiri mafao yake hadi akaondoka bila kuyaona. Watu wa Mshangano walicheka sana kwa jina hilo, wakasema Songea nzima ni Kunegunda peke yake anayeita Mafao na Mafao yakaja. Lakini alikuwa na kasoro moja iliyowafukuza wote waliomtaka. Mafao hakuwa akibweka. Mwizi apite, mgeni apige hodi, yeye aliinua pua, akaelekeza masikio, akanyamaza. Nani anachukua mbwa wa namna hiyo? Miaka ile kila aliyefungua kiduka alitaka mbwa wa kupiga kelele.

Kunegunda alimpenda kuliko wote. Hilo alilificha hata kwa Adela.

Saa nne hivi, mzee mmoja alipiga hodi uwanjani. Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu yake imefuliwa hadi imekaribia kuonyesha mwili, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani. Kunegunda alimpa shikamoo, mzee akaitikia, akajieleza taratibu. Jina lake Daimu, mkulima wa korosho na mahindi, kwake Nalasi, kule Tunduru. Amekuja Songea kumwangalia binti yake Shakila aliyejifungua, ameolewa hapa Lizaboni. Na binti alikuwa amempelekea habari kwamba mjini kuna mama anagawa mbwa.

"Nguruwe pori wanatumaliza, mama," alisema. "Mahindi sasa yanakomaa. Mbwa wangu alikufa mwaka jana, na tangu afe hatulali. Huyu wa njano nimemtazama tangu nilipokuwa pale njiani. Ameninusa upepo ukiwa bado unatoka kwangu, na hakubweka; wa kelele huwakimbiza nguruwe kabla sijawafikia. Huyo ndiye."

Ingepaswa moyo wa Kunegunda uruke kwa furaha. Badala yake uliingiwa na wasiwasi. Alimtazama mzee kuanzia kofia hadi ndala, akafikiri: Mwislamu na mbwa? Tangu lini?

"Umeleta kitu cha nyumbani?" aliuliza.

"Nimeleta. Niliambiwa mapema, nikakifunga kutoka kwangu." Mzee alitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakikabidhi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishikilia kiwiko.

Kunegunda akafungua fundo. Ndani mlikuwa na udongo. Udongo mtupu, mwekundu, laini, kiasi cha viganja viwili.

Hapa lazima nieleze, la sivyo utamwona Kunegunda mwendawazimu. Kwa miaka tisa alikuwa amechanja mbwa pamoja na Hassani, Mwislamu safi, mtu mwema, na Hassani alikuwa na kopo la udongo karibu na bomba la ofisi. Kila aliporambwa na mbwa alikwenda bombani, akanawa mara saba, na mara moja katika hizo saba alisugua kwa udongo. Kunegunda alimtania miaka yote tisa, na Hassani alicheka naye. Kwa hiyo alipouona udongo ule kitambaani, aliona jambo moja tu: mzee huyu amekuja kuchukua mbwa, na ameshabeba kabisa kitu cha kujisafishia uchafu wake.

Uchovu wa siku tatu ukampanda kichwani.

"Yaani umetoka nao Nalasi?" alisema. "Hata hujamgusa, umeshajiandaa kunawa uchafu wake?"

"Mama, udongo huu si..."

"Mbwa wangu si uchafu, mzee. Chukua udongo wako. Ukimchukia mbwa leo mbele yangu, huko porini utamfanya nini?"

Alimrudishia kitambaa kwa nguvu, udongo kidogo ukamwagika juu ya kanzu. Mzee Daimu alirudi hatua moja. Aliupangusa udongo wa kwenye kanzu kwa vidole, akaurudisha kitambaani hata ule uliokuwa kidogo kabisa, akafunga fundo lake.

"Sawa, mama," alisema. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi." Akaondoka.

Adela alikuwa ameona yote akiwa kwenye kamba ya nguo. "Huyo naye umemfukuza," alisema. "Jumatatu ni keshokutwa."

"Nyamaza, Adela."

Mchana ule likaja gari dogo aina ya pikapu, likasimama mlangoni kwa vumbi. Aliyeshuka ni Pankrasi, mwenye duka la mitumba na vipodozi pale Lizaboni, muumini mwenzake wa kanisani, mtu aliyekuwa akiuza karanga juzi na leo ana mlango wa chuma. Mkononi alishika blanketi jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Blanketi! Kunegunda alilipapasa. Nyumba inayotoa blanketi, alijiambia, haiwezi kumwacha mbwa alale baridi.

"Nataka mkali," alisema Pankrasi. "Wa kubweka hadi mwizi akojoe. Huyu anabweka?"

Kunegunda alimtazama Mafao, na Mafao alimtazama yeye.

"Anabweka usiku," alisema. "Mchana ana aibu."

Uongo ule ulimtoka mwepesi, kama mate. Pankrasi alicheka, akafunga kamba, akampakia Mafao nyuma ya pikapu. Mbwa hakupinga. Alisimama tu, masikio yameelekea nyumbani, hadi gari lilipokata kona. Kunegunda alibaki ameshika blanketi. Alilipeleka ndani, akalitoa nje, akalirudisha ndani, mwisho akalirusha juu ya kabati ambako hakuweza kuliona.

Jumapili kanisani hakujua padri alisema nini. Alisimama watu walipopiga magoti, akapiga magoti walipoketi. Kilichomsumbua si uongo peke yake. Kila alipofumba macho kusali aliona vidole vya yule mzee vikiokota udongo kutoka kwenye kanzu, punje kwa punje. Mtu haokoti uchafu namna ile, alifikiri. Mtu anaokota hivyo chumvi, au mbegu. Akaona aibu bila kujua hasa ni aibu ya nini.

Jumatatu asubuhi mlio wa kwanza wa bunduki ulisikika upande wa mjini. Babu, kipofu, akaanza kutetemeka bandani. Kunegunda alimfungia yeye na Jeki ndani, akamwachia Adela ufunguo, akashika njia ya Lizaboni. Alitaka tu kuona. Alijiambia hivyo njia nzima, akitembea nusu, akikimbia nusu, khanga imemlegea kiunoni: nataka kuona tu kama amelala vizuri.

Mlangoni kwa Pankrasi alikuta mbwa mweusi, mkubwa, anabweka hadi mate yanaruka.

"Karibu, mama," alisema Pankrasi bila kutabasamu. "Umemwona huyo? Huyo ndiye mbwa. Nimempata jana kwa madereva wa malori. Wewe ulinipa bubu."

"Mafao yuko wapi?"

"Usiku wa Jumamosi walivunja stoo yangu. Stoo! Wamebeba robota zima la nguo, yeye amekaa anawatazama. Uliniambia anabweka usiku. Na blanketi langu ukachukua."

"Nimekosa, Pankrasi. Blanketi utalipata. Yuko wapi?"

"Nimemfungulia asubuhi hii. Njia ni pana."

Bunduki ikalia tena, safari hii mtaa wa pili tu. Kunegunda alimpita Pankrasi kwa kasi. Alizunguka nyuma ya duka, akaona mnyororo mfupi, mfupi kiasi kwamba mbwa asingeweza hata kulala akanyoosha shingo, na sufuria iliyokauka. Akaanza kuita. "Mafao! Mafao!" Watu wawili watatu wakacheka, maana mzaha ule ulikuwa umefika hadi Lizaboni. Yeye hakuwa na nafasi ya kuona haya.

Alimwona nyumba ya tatu, amelala kwenye ua wa watu, karibu na jiko la nje, pua juu ya miguu. Mbele yake palikuwa na kigae cha chungu chenye mabaki ya ugali. Na juu ya mkeka, hatua tano kutoka kwa mbwa, alikuwa ameketi mzee Daimu, begi lake la safari limefungwa pembeni. Binti yake Shakila alisimama mlangoni na mtoto mchanga.

"Amekuja mwenyewe alfajiri," alisema mzee kabla hajaulizwa. "Tangu Jumamosi nilikuwa nampitishia chakula pale uani kwa yule bwana. Mnyororo ule haukuwa mzuri. Lakini usihofu, mama, sikumgusa. Mbwa si wangu."

Kunegunda akakimbilia kwa mbwa, na mlangoni pa ua walikuwa wameshafika watu wawili, mmoja na bunduki, mwingine na daftari kubwa. Wa daftari alikuwa Tadei. Kunegunda ndiye aliyemfundisha kushika sindano, miaka kumi nyuma, alipokuwa kijana anayeogopa hata mbuzi.

"Shikamoo, mama," alisema Tadei, na macho akayashusha.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo mbwa ni wa nani?"

Pankrasi alikuwa amefuata nyuma kutazama. "Si wangu," alisema haraka. "Nifute. Niandike yule mweusi."

Tadei akafuta. Kalamu ilisikika kwenye karatasi. "Basi hana mwenyewe."

"Ni wangu," alisema Kunegunda. Alikwishapiga magoti, amemkumbatia Mafao shingoni. "Si nimemshika? Ni wangu, Tadei."

Tadei alifungua ukurasa wa Mshangano. Alikawia kuusoma, ingawa mistari yenye jina la Kunegunda ilikuwa miwili tu. "Mama, wewe umejaza. Nyumba moja mbwa wawili. Huyu nikimwandika, lazima nifute mmoja." Akainua kalamu. "Nifute yupi? Babu au Jeki? Tukitoka hapa tunakwenda Mshangano."

Kunegunda alifungua mdomo. Alimwona Babu akitetemeka kwenye kona ya bani, alimwona Jeki akijitahidi kukimbia kwa miguu mitatu. Alijaribu kulitamka jina moja, ulimi ukakataa, akajaribu la pili, ukakataa pia. Mwenye bunduki alikohoa, akasema siku ni ndefu na mitaa ni mingi, mama amwachie mbwa asogee kando.

"Mwandike ni wangu," alisema mzee Daimu.

Alikuwa amesimama. Tadei alimtazama kofia, akamtazama kanzu, na mwenye bunduki akacheka waziwazi.

"Mzee, sheria ni kushika kwa mkono," alisema Tadei. "Utaweza?"

Mzee alikunja mkono wa kanzu. Alitoa mfukoni kile kitambaa, akafungua fundo. Akainama kwenye kigae, akamega tonge la ugali, akalifinyanga ndani ya kiganja pamoja na udongo mwekundu kidogo. Kisha akachuchumaa mbele ya Mafao, kanzu yake ikagusa matope ya jikoni, akanyoosha kiganja wazi.

Mafao alinusa. Alinusa kwa muda mrefu, pua ikienda kwenye kiganja na kurudi. Halafu akala. Alikula tonge lote, akaramba kiganja, akaramba kati ya vidole, akaramba hadi kwenye kifundo cha mkono, na mzee hakuuondoa mkono. Kwa mkono wa pili akamshika shingoni, juu kidogo ya mkono wa Kunegunda.

"Na swala yako je, mzee?" aliuliza Tadei, sauti imekuwa ndogo.

"Dini imeniruhusu mbwa wa shamba. Na mate yanaoshwa, mwanangu," alisema mzee Daimu. "Risasi haioshwi."

Tadei aliandika. Aliandika pole pole, akauliza jina la baba, akauliza kijiji, akaandika Nalasi kwa herufi kubwa. Halafu akamwambia mwenzake twende, na walipofika mlangoni akageuka nyuma. "Babu na Jeki nitawapitia mwenyewe, mama. Hawatasumbuliwa," alisema. Pankrasi alitoka nao.

Uani wakabaki wenyewe. Kunegunda alikuwa bado amepiga magoti.

"Ule udongo," alisema.

"Unatoka chini ya kizingiti changu," alisema mzee. "Baba yangu alitufundisha hivyo. Mbwa mgeni mlishe udongo wa kwenu kwa mkono wako, hatatafuta tena njia ya kurudi alikotoka. Nilitaka kukuambia Jumamosi."

"Sikukupa nafasi."

"Hukunipa," alikubali mzee, bila ukali.

Kunegunda alitaka ardhi ipasuke. Yeye, msomaji wa nyumba za watu, alikuwa amepewa nyumba yenyewe ndani ya kitambaa, akamrudishia mwenyewe kwa kumsukuma, halafu akampa mbwa wake mtu wa blanketi. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke.

"Nisamehe, Ambuje," alisema. Hilo ni neno ambalo Wayao humwita mtu mzima wanayemheshimu. Alilijua tangu siku za Hassani, lakini hakuwa amewahi kulitumia. Mzee aliinamisha kichwa kulipokea, na Shakila pale mlangoni akatabasamu kidogo.

"Lori la Tunduru linaondoka saa tano," alisema mzee. "Shakila, niletee maji, mwanangu."

Shakila alileta ndoo na kata. Kabla hajainama, Kunegunda aliinuka akaipokea kata mkononi mwake.

"Mzazi, wewe umebeba mtoto," alisema. "Nitammiminia mimi. Ambuje, udongo umebaki?"

"Umebaki kidogo."

"Unatosha."

Mzee Daimu alikinga mikono. Kunegunda akamimina maji ya kwanza, kisha akachukua udongo uliobaki kitambaani, akauweka mwenyewe ndani ya viganja vile, mzee akasugua hadi maji yakawa mekundu. Kunegunda akamimina tena, akihesabu kwa sauti, taratibu, bila haraka ya mahali popote. Tatu. Nne. Tano. Mafao aliketi akitazama mikono ile ikioshwa. Sita. Alipofika saba, alitikisa kitambaa kikiwa kitupu, akakikunja, akakichomeka kwenye pindo la khanga yake bila kuomba.

"Bado hatujamalizana," alisema mzee, akipangusa mikono. "Mbwa hatolewi bure, niliambiwa. Na udongo umekwisha."

"Umeshatoa," alisema Kunegunda.

Mzee alichukua begi lake, akapiga mluzi mfupi. Mafao aliinuka. Alimpita Kunegunda kwa karibu kiasi cha kumgusa goti, akasimama, akainua pua kumnusa mara moja, kisha akamfuata mzee Daimu hadi barabarani. Hakugeuka nyuma. Kunegunda alimtazama hadi wote wawili walipopotelea kwenye kona ya mashine ya kusaga, akangoja miguu yake ianze kwenda mahali, kama kawaida yake. Haikwenda. Akaketi kwenye kizingiti cha Shakila, akaomba apewe mtoto ampakate, akabaki ameketi hadi jua likafika utosini.